Nani Aliwaketisha Wazee Mlangoni

Kinyala, Tukuyu
9 Machi 2025

Mdogo wangu Gwakisa,

Ugonile. Sisi huku tumeamka salama, tunamshukuru Mungu, ila matope yanatutoa viatu. Shemeji yako Meshaki kifua kimepoa, amerudi kwenye chai yake, siku hizi anakohoa tu akiona kazi ni nyingi. Binti yetu Happy amepata nafasi chuo cha uuguzi na nyumba nzima hatupumui kwa maringo yake. Ng'ombe amezaa, lakini dume, kwa hiyo furaha ni nusu. Baba mkwe wangu, ambaye jina lake unalijua na mimi silitaji, bado ana nguvu. Anakwenda kanisani kwa miguu yake na njia nzima anabishana na wazee wenzake. Wasalimie Doreen na watoto.

Utashangaa kuona barua badala ya simu. Ule ujumbe wako wa Jumatano nilikuwa nausoma, nikaenda kuepua ndizi jikoni, niliporudi nikakuta umeufuta. Basi nimerudi kwenye karatasi. Nitampa dereva wa basi, niliyemfundisha darasa la nne pale Msasani ya hapa Tukuyu, atakufikishia. Nawe unijibu kwa njia hiyo hiyo.

Sasa neno lenyewe. Hiyo kampuni yenu ya Anga Safi inataka chemchemi yetu ya bondeni. Nimefundisha sayansi mpaka nimestaafu, kwa hiyo mnachotaka kufanya nimekielewa. Mnaichukua hewa ya ukaa, ile gesi inayotoka ardhini huku kwetu, mnachukua maji, mnayapasua kwa umeme, mnaunganisha vitu hivyo viwili, yanapatikana mafuta ya ndege bila kuchimba kisima cha mafuta. Ni jambo la akili na silipingi. Ninachopinga ni uzio. Chemchemi ikizungushiwa uzio, sisi tutateremka mpaka mtoni, na ule mteremko unaujua. Mjamzito hawezi kuupanda na ndoo kichwani.

Mkutano wa kuulizwa wananchi ulifanyika mwishoni mwa mwezi wa pili, ukumbi wa kanisa. Tulikwenda wanawake wengi, na maswali yetu tumeyapanga. Tukakuta wazee wamewekewa viti pande zote mbili za mlango, na mlango ni huo mmoja. Huku kwetu mkamwana haonani uso kwa uso na baba mkwe, wala na ndugu zake, wala na wenzake wa rika lake. Akikutana nao njiani anaingia migombani mpaka wapite. Wasichana wa mtaa wa Bagamoyo pale Tukuyu mjini wanaicheka mila hii, lakini Kinyala bado tunaishika, na mimi mwalimu naishika. Tungepita vipi pale? Tulibaki nje migombani tunanyeshewa. Tukamsikia Godwin, meneja wenu, kwenye kipaza sauti: mwanamke mwenye pingamizi aje mbele aseme. Hakuna aliyekwenda. Akashukuru, akafunga mkutano.

Jumamosi redio ikatangaza kwamba wanawake wa Kinyala hawakupinga. Nilikuwa namenya ndizi. Nilikiweka kisu chini, nikamwambia Meshaki aongeze sauti.

Wewe ndiye afisa wa kampuni wa kushughulika na wananchi. Nasikia ulifika siku moja kabla kupanga ukumbi, ukalala hotelini mjini, ukaondoka alfajiri bila hata kuja kunisalimia. Nijibu swali moja tu: nani aliwaketisha wazee mlangoni?

Dada yako,
Bupe


Dar es Salaam
14 Aprili 2025

Shikamoo dada,

Samahani kwa kuchelewa, kazi zimenibana. Sisi hatujambo. Doreen anakusalimia, amehamishiwa tawi jingine la benki na foleni ya asubuhi imepungua. Mtoto mkubwa amekuwa wa pili darasani, mdogo ameng'oka jino la mbele na anataka picha yake itumwe kwa shangazi. Hongera kwa Happy.

Dada, nimeisoma barua yako kwa makini, na naona umelichukua jambo hili kwa hasira kuliko linavyostahili. Huu mradi ni mkubwa. Dunia nzima inatafuta namna ya kuachana na mafuta ya kuchimba. Wewe mwenyewe ulikuwa unalalamika kwamba majira ya mvua hayaeleweki tena, mahindi yanaoza shambani, chai inaungua na jua. Sababu yake ni moshi wa mafuta hayo. Sasa Rungwe yetu, ambayo watu wanaijua kwa ndizi na maparachichi tu, itatengeneza mafuta yasiyoongeza uchafu angani. Kutakuwa na ajira. Kutakuwa na barabara ya lami mpaka zahanati. Maji yatakayotumika si mengi kama mnavyofikiri, na wataalamu wamepima.

Kuhusu mkutano, kampuni ilifuata utaratibu wote. Wadau wote walialikwa na mlango ulikuwa wazi. Mila nazo zinabadilika, dada. Nani angewazuia kuingia? Mngeingia tu.

Nimewatumia fulana za kampuni, wagawie akina mama wa kikundi chako. Na Meshaki nimemtumia dawa ya kifua.

Mdogo wako,
Gwakisa


Kinyala
11 Mei 2025

Gwakisa,

Tumepokea. Meshaki anakushukuru, ndaga fijo, kwa dawa, inawasha koo lakini anaisifia. Picha ya mwenye pengo tumeibandika ukutani na kila mgeni anaonyeshwa. Lightness, mkamwana mdogo wa jirani yetu Asajile, amejifungua mapacha, wote wazima. Fulana zenu nimewavisha wanasesere wa shambani, tumbili wanaziogopa. Kwa kazi hiyo kampuni yenu naipa maksi zote.

Umesema tungeingia tu. Nimelisoma neno hilo mara nyingi na kila nikilisoma damu inanichemka. Angeliandika Godwin ningemsamehe, kwao si huku. Umeliandika wewe. Umesahau nani alikuwa anatangulia mbele ya mama? Mama akitoka jikoni na chungu, au akirudi na maji, wewe ndiye uliyekuwa unatumwa mbele uchungulie kama babu yupo njiani. Ukimwona unapiga mluzi, mama anaingia kwenye kahawa na mzigo wake kichwani, anasubiri. Siku moja ulizembea ukicheza, wakakutana uso kwa uso penye kona. Mama aliutupa mtungi na kukimbia. Alilia siku nzima, na wewe ulilia kuliko yeye. Mtu wa namna hiyo leo ananiambia mila zinabadilika na mlango ulikuwa wazi.

Nimekwenda pia kuongea na Ezron, mhudumu wa kanisa. Anasema alivipanga viti vya wazee mbele kabisa, karibu na jukwaa, kama wanavyokaa Jumapili kanisani, ambako sisi tungepita pembeni na kukaa nyuma yao bila kuonana. Ukaja wewe jioni, ukamwambia avihamishie mlangoni, wazee wapate hewa. Ezron hana sababu ya kunidanganya. Hakujua hata ninauliza kwa ajili ya nini.

Wapate hewa, Gwakisa. Kinyala, mwezi wa pili, watu wamevaa makoti.

Na hayo maji. Wataalamu wenu walipima mvua ikimwagika, wakati hata unyayo wa ng'ombe unajaa maji. Waje mwezi wa kumi wakutane na foleni ya ndoo. Kama mafuta yenu ni ya kuiokoa dunia, na sisi tumo duniani. Kama mna fedha za kupasua maji, mna fedha za kuvuta bomba kutoka mto mkubwa kule chini. Hilo ndilo swali tulilokuwa nalo migombani, na halikuulizwa kwa sababu yako.

Sitaki dawa, sitaki fulana. Andika kwa mkono wako ulichokifanya. Ukikiandika, nitakuwa na la kuwaambia wenzangu.

Bupe


Dar es Salaam
28 Julai 2025

Shikamoo dada,

Natumaini hamjambo. Sisi wazima. Nilikuwa safarini, ndiyo maana nimekuwa kimya.

Nakuandikia kwa haraka. Tarehe 16 Agosti wageni wanakuja Kinyala kuweka jiwe la msingi. Wapo wafadhili kutoka nje, na atakuwepo afisa wa maji, maana kibali kimebaki saini tu. Wazee wameombwa waibariki chemchemi mbele ya wageni, wamekubali, na kampuni inasema bila baraka zao shughuli haifanyiki. Akina mama tunawaomba wapike na kuimba. Wewe wanakusikiliza, kwa hiyo nakukabidhi jambo hilo.

Yale mengine si ya kuandika kwenye karatasi. Nina watoto wanaosoma, dada. Nielewe.

Gwakisa


Kinyala
19 Agosti 2025

Mdogo wangu,

Tu wazima. Happy ameripoti chuoni na ameshapiga simu kulalamika chakula. Mapacha wa Lightness wananenepa. Habari nyingine unayo, ulikuwepo, lakini nakuandikia kwa sababu sijui ulionaje kutoka ndani ya gari vioo vikiwa vimefungwa.

Ulinikabidhi akina mama, nami nikawakusanya. Tulikaa nyumbani kwa Tulinagwe, unayemkumbuka, yule tuliyeimba naye kwaya. Nikawaambia wazi kwamba tumetakiwa tupike. Walikasirika mpaka wengine wakasimama kuondoka. Tulinagwe ndiye aliyepata wazo. Alisema kwamba mila hii haikuwekwa kwa mwanamke peke yake. Sisi tunamkimbia mkwe, na mkwe naye hatukaribii. Mahali wanapoteka maji wakamwana, mzee mwenye heshima zake hafiki. Anakohoa kutoka mbali, akisikia sauti za wanawake anageuka. Miaka yote tumeondoka sisi, alisema, safari hii tutangulie kufika.

Basi tulishuka mapema, umande bado haujakauka, tukakaa kuizunguka chemchemi. Kila ukoo ulitoa mkamwana wake. Lightness alikuja na mapacha, mmoja mgongoni, mmoja nikampakata mimi. Hatukubeba bango wala hatukuimba. Tulikuwa na ndoo zetu na kanga tumejitanda.

Wazee walipotokea kwenye kona, wamevaa makoti yao ya ibada, mbele yao alikuwa mkwe wangu. Alituona. Alisimama, akakohoa kama desturi, akasubiri tutawanyike. Tangu niolewe sijawahi kukaa yeye akiwa anakuja. Niliufunika uso wangu na kanga, nikainama, nikabaki pale pale. Alikohoa tena. Mwishowe akashusha kofia mpaka machoni, akageuka, na wote wakageuka naye. Asajile alikaribia kuanguka kwa haraka.

Wageni wakabaki wanatazamana na jiwe lao. Godwin akaja mpaka kwetu, anatoka jasho kwenye baridi ile, akasema akina mama mnatuchelewesha, sogeeni wazee wapite. Tulinagwe akamjibu kwa upole kabisa:

"Baba, sisi hatujamzuia mtu. Waambie wazee njia iko wazi, wapite tu."

Afisa wa maji ni mtu wa Iringa. Alimwuliza dereva kuna nini, akaelezwa, akaduwaa. Kisha akatuuliza kama siku ya ule mkutano wa kanisani wazee walikuwepo. Tukamwambia walikuwa mlangoni. Aliirudisha kalamu mfukoni, akasema atakuja peke yake, atusikilize wanawake tukiwa wenyewe.

Mimi nilikuwa natazama gari la nyuma. Nilijua upo. Nilikuona ulipofuta ukungu kwenye kioo kwa mkono, na wewe ukaniona. Nilidhani utashuka. Ungeshuka ukasimama tu, bila kusema lolote, ningewaambia watu huyu ni wa kwetu. Hukushuka.

Bupe


Dar es Salaam
22 Septemba 2025

Dada,

Sina salamu ndefu. Doreen anaumwa presha, na mimi sipati usingizi.

Umefurahi sasa? Wafadhili wameahirisha fedha. Mlinidhalilisha mbele ya watu waliotoka nje ya nchi. Miaka yote nasema kwetu ni watu waelewa, na mnakwenda kukaa kwenye matope kama watoto waliogoma kula. Ulikuwa unaweza kunipigia simu, ukaniambia mnachopanga, tukayamaliza wenyewe. Wewe ulinilea, ukanilipia ada, halafu ni wewe huyo huyo unayenichimbia shimo.

Godwin aliniuliza kikaoni, mbele ya wote, kama nilikuwa naifahamu mila hii. Nikasema sifahamu. Nimesema nilikulia mjini, mambo ya vijijini siyajui. Wameandika hivyo na wamempelekea afisa wa maji, kwamba kampuni haikujua, ilikuwa bahati mbaya. Kama ni bahati mbaya, mkutano ule unahesabika na kibali kinaendelea. Kama kuna aliyejua, kila kitu kinafutwa na huyo aliyejua anafukuzwa.

Afisa huyo anakuja kwenu mwezi ujao. Sema yote kuhusu maji, sikuzuii. Lakini akiuliza kama kuna mtu wa kampuni aliyejua, nyamaza. Wengine hawajui, ni wewe na Ezron tu, na Ezron hatakuwemo kikaoni. Nakuomba kwa jina la mama. Sijawahi kukuomba kitu kama hiki.

Mdogo wako,
Gwakisa


Kinyala
26 Oktoba 2025

Mdogo wangu Gwakisa,

Ugonile. Mpe pole Doreen, apunguze chumvi, na wewe umwambie ukweli wa mambo, presha nyingine inatoka kwa waume. Huku jua limekaa sana. Chemchemi inatoka kidogo kidogo, foleni ya ndoo inafika kwenye miparachichi, lakini inatoka.

Afisa alikuja Alhamisi. Alikaa nasi darasani kwangu kwa zamani, hapa Kinyala nilikomalizia kazi, wanaume wakaambiwa wabaki barabarani. Wanawake walisema. Nilikuwa nadhani mimi ndiye msemaji, kumbe nilikuwa nimejisifu bure. Lightness alieleza alivyopanda ule mteremko mwaka juzi bomba la zahanati lilipokufa na foleni ya chemchemini ikazidi, akiwa na mimba yake ya kwanza, na jinsi mimba ile ilivyoishia njiani. Hakuwahi kumwambia yeyote, hata mume wake alidhani ni homa. Tulimsikiliza mpaka mwisho, hakuna aliyemkatiza.

Halafu afisa akauliza. Kampuni imeeleza kwamba haikuijua mila hii. Je, kuna yeyote anayefahamu mtu wa kampuni aliyeijua?

Nilikuwa na barua yako kwenye mkoba. Nilimfikiria mama kama ulivyotaka. Nikamfikiria na Lightness, ambaye alikuwa bado anafuta machozi kwa kanga, na ambaye hakuniomba chochote. Ningenyamaza, tungehesabiwa tena kwamba hatukupinga, na safari hii aliyetunyamazisha ningekuwa mimi.

Nilisimama. Nikasema:

"Alijua Gwakisa. Ni mdogo wangu, tumbo moja. Yeye ndiye aliyewaketisha wazee mlangoni."

Afisa akaniuliza kama nina ugomvi nawe. Nikamwambia sina, nimekulea mwenyewe. Wanawake waliinamisha vichwa wasinitazame. Tulinagwe alinishika mkono akanikalisha.

Mkutano wa kwanza umefutwa na uzio umezuiwa. Kampuni ikitaka kuendelea itavuta maji kutoka mto mkubwa, na itakuja kutuuliza upya. Sina shaka wanaweza. Tangu siku ile naona simu zako na sizipokei, kwa sababu nikisikia sauti yako nitaanza kukuomba radhi, na sitaki kukuomba radhi kwa kusema kweli. Nawe sijakusamehe, usije ukadhani hivyo.

Wakikufukuza, usibaki huko ukijificha kwa aibu. Njoo na Doreen na watoto. Chumba chako nimekifagia. Utashinda bila neno siku ya kwanza, najua, na mimi sitakulazimisha. Utakuta nimekuchemshia maji ya kuoga.

Dada yako,
Bupe